Mishikaki nyota tano, kachumbari nyota moja: rivyu yangu ya vijiwe vya jioni pale stendi

Naanza na mishikaki kwasababu ndo kitu pekee pale stendi ambacho namwachia mwanangu ale bila mimi kusimama pembeni nikichungulia jiko.

Vijiwe vyenyewe ni vya kawaida tu, vile vya jioni hapa Dar, jua likianza kuzama wengi wanatoa meza wanawasha mkaa, kuna kaka wa mishikaki na ndizi za kuchoma, kuna wa chipsi, kuna mama wa supu ya pweza ambae mchana anauza pilau, dogo wa mayai ya kuchemsha anapita na trei, jamaa wa juisi ya miwa na mwenzake wa matunda ya kukata. Majina siandiki wala sisemi ni stendi gani, maana hiki ninachosema utakikuta Sinza, utakikuta Buguruni, utakikuta Mbagala, na hawa ni majirani zangu wanatafuta riziki. Mimi kazi yangu ni maabara, napima sampuli za vyakula, kwahiyo rivyu hii haitaishia kwenye tamu na bei poa. Utamu nitausema, ila kikubwa nataka niseme kipi kinaweza kukulaza na kwanini, kwasababu naona watu wanaogopa vitu ambavyo sivyo, mtu anaogopa moshi, anaogopa meza nyeusi ya kibanda, anaogopa vumbi la daladala, afu kitu chenyewe chenye shida anaomba kiongezwe.

Mishikaki sasa. Nyama anakata vipande vidogo, kama robo ya kiberiti hivi, mafuta kidogo katikati, anaweka viungo vya tangawizi, kitunguu swaumu na ndimu, mkaa wake haoni haya kuuongeza. Kile kipande kidogo ndo siri yenyewe ya usalama, maana joto linafika katikati haraka. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema chakula kifike nyuzi joto 70 katikati, na kipande kidogo juu ya mkaa uliokolea kinafika huko bila shida, nje kimeungua kidogo ndani hakuna wekundu. Nyama nzima ina bonasi nyingine, bakteria wake wengi wako juu ya uso, yani kule kule moto unakopiga. Ndo maana kababu za nyama ya kusaga sizihesabu pamoja na mishikaki, ukishasaga nyama kilichokuwa juu unakizamisha ndani, kwahiyo kababu ambayo ndani bado laini na ina rangi ya pinki mimi narudisha, hata kama nimeshalipa.

Kitu nilichompendea huyu kaka zaidi ni koleo mbili. Ile yenye mpini mwekundu inashika nyama mbichi inapowekwa jikoni, ile nyingine inashika iliyoiva, na nyama mbichi inakaa kwenye ndoo yenye mfuniko chini ya meza, haikai mezani ikitoa damu karibu na ndizi. Ni kitu kidogo ila wengi wanakosea hapo hapo, nyama imeiva vizuri kabisa, afu inatolewa kwa mkono ule ule au inakatwa kwenye ubao ule ule uliokatiwa mbichi, basi kazi yote ya moto imeisha bure. Zamani alikuwa anachovya brashi kwenye viungo vilivyolowekewa nyama mbichi afu anapaka mshikaki ulioiva dakika ya mwisho ili ung'ae, nikamwambia, akanisikiliza, sasa ana kopo la pembeni lenye mafuta na ndimu kwa ajili ya kupaka mwishoni. Mtu anaesikiliza hivyo nyota tano anastahili.

Angalizo moja tu. Pembeni ya jiko, pale pasipo na mkaa, kunakuwaga na mishikaki iliyoiva tangu mapema, imepangwa, vuguvugu. Hiyo usikubali kwa kuwa una haraka.

"Kaka nichomee mipya, hiyo ya pembeni usinipe."

"Sawa dada, subiri kidogo tu, dakika tano."

Hizo dakika tano zisubiri. Kinachoitwa vuguvugu ndo sehemu mbaya kuliko zote kwa chakula, kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 bakteria wanakula na wao, chini ya 5 wanalala au wanajikokota, juu ya 60 hawakui. Hatubebi kipimajoto mfukoni najua, ila kitu chenye nyuzi 60 huwezi kukishikilia kwa kidole ukatulia, ukiweza kukishika huku unapiga stori ujue kimeshashuka. Na kanuni ni kwamba chakula kilichoiva kisikae zaidi ya masaa mawili kwenye joto la kawaida, na joto la kawaida la Dar mnalijua, ni thelathini na jasho juu.

Kachumbari nimeipa nyota moja na hiyo moja ni ya ndimu.

Nimesimama pale nikaangalia inavyotengenezwa, na hapa naomba mnivumilie niende taratibu. Nyanya zinatoka kwenye tenga, zinazungushwa kwenye beseni la maji ambayo yameshaosha kabichi na pilipili hoho, maji yana rangi ya udongo, zinakatwa kwenye mfuko wa plastiki uliotandikwa mezani, zinaingia kwenye ndoo ya lita kumi, kitunguu juu, kabichi juu, mkono unaingia mpaka kwenye kiwiko kuchanganya. Hiyo ni saa sita mchana. Ndoo inakaa chini ya meza mpaka usiku, inafunikwa na sahani, kila mteja akija kijiko kinazama kinarudi. Hakuna sehemu hata moja kwenye safari hiyo ambapo moto umepita. Chochote kilichokuja na nyanya kutoka shambani, na maji, na mkono, kinafika mdomoni mwako kikiwa hai, na kimepewa masaa sita saba ya kuzaliana.

Hesabu yake iko hivi. Bakteria kama E. coli akiwa kwenye mazingira anayoyapenda anajigawa kila baada ya dakika kama 20. Mmoja anakuwa wawili, wawili wanne, ndani ya masaa saba anakuwa amejigawa mara 21, na ukipiga hiyo hesabu unapata zaidi ya milioni mbili kutoka kwa mmoja. Kwenye kachumbari yenye uchachu hakimbii kwa mwendo huo, nakubali, ila wanaoingia mle sio mmoja pia.

Watu wananiuliza kwanini maabara tunang'ang'ania E. coli wakati wengi wao hawana madhara. Ni kwasababu makazi yake ni utumbo wa binadamu na wanyama. Nikimkuta kwenye kachumbari ananiambia kuna kinyesi kimepita njia fulani, iwe kwenye maji, iwe kwenye mkono, iwe mbolea ya bustanini, na njia hiyo hiyo ndo inayopitisha taifodi na kuhara damu na kipindupindu. Miongozo ya Uingereza ya 2009 kwa chakula ambacho mtu anakila bila kukipika tena ilisema E. coli wakiwa chini ya 20 kwa gramu moja chakula kiko sawa, wakizidi 100 hakifai, na salmonela, bakteria mwingine wa kuharisha, hatakiwi kuonekana hata mmoja kwenye gramu 25. Gramu 25 ni kijiko kimoja kikubwa cha kachumbari, sasa jaza picha mwenyewe.

Ndimu nimeipa heshima yake kwa sababu ya msingi. Mdudu wa kipindupindu hapendi kabisa uchachu, na utafiti uliofanyika Guinea-Bissau miaka ya 1990 wakati wa mlipuko uliona kwamba waliokula wali na mchuzi uliokamuliwa ndimu walipata kinga fulani ukilinganisha na wenzao. Kwahiyo bibi zetu waliokamua ndimu kwenye kila kitu walikuwa wanafanya jambo la maana. Ila salmonela ni mvumilivu zaidi, kwenye nyanya iliyokatwa ikaachwa kwenye joto letu anaweza kukua vizuri tu, ndo maana Marekani kwenye kanuni zao za chakula nyanya iliyokatwa wameiweka kundi moja na nyama, inatakiwa ikae kwenye baridi isiyozidi nyuzi 5. Ndimu inapunguza, haifuti.

Nachofanya mimi nakula mishikaki na ndizi na chumvi, nakamua ndimu yangu mwenyewe juu, kachumbari natengeneza nyumbani. Na pilipili ile ya kukaangwa iliyochemka na ukwaju nachukua bila wasiwasi, imepita motoni na ina uchachu.

Chipsi sina maneno mengi. Zimeshakaangwa nusu mchana, ukifika zinarudi kwenye mafuta yanayochemka, hakuna bakteria wa kutoka pale, shida ya mafuta yaliyotumika mpaka yamekuwa meusi ni shida nyingine kabisa na sio ya rivyu hii. Zikiwa kavu nyota nne. Shida inaanza ukiagiza zege, yani chipsi mayai. Kaka wa chipsi ili asicheleweshe wateja anavunja mayai mengi mapema kwenye jagi, anayapiga, anayaacha hapo karibu na jiko kwenye joto, kila zege anamimina kidogo. Salmonela anaweza kuwepo kwenye yai moja kati ya mengi sana, na yai hilo likiwa peke yake likapikwa likaiva habari yake imeishia hapo, ila likivunjwa kwenye jagi na wenzake linayaambukiza yote, na jagi likikaa kwenye joto jioni nzima idadi inapanda. Afu watu wengine mnapenda zege iwe na majimaji katikati. Hapana jamani. Mwambie avunje mayai yako mbele yako, ageuze pande zote mbili, hata usipomwambia kwa ukali anafanya, mimi nikimwambia "kaka yangu yavunje sasa hivi, ligeuze liive" hajawahi kununa. Zege hivyo nyota tatu na nusu, na ina ladha nzuri kwa kweli, chumvi yake imekaa.

Chupa za tomato sosi zinazojazwa maji ili zienee, siweki kabisa.

Sasa dogo wa mayai ya kuchemsha, huyu ananiuma kwasababu ni kijana mpole na biashara yake ingeweza kuwa salama kuliko zote pale. Yai lililochemshwa likaiva, likiwa ndani ya ganda lake zima, ni chakula kizuri mno, lina kifungashio chake chenyewe. Anachofanya baada ya hapo ndo kinaharibu. Kwanza anayapoza kwa kuyatumbukiza kwenye ndoo ya maji ya baridi ili yamenyeke vizuri. Ganda la yai lina vitundu vidogo vidogo ambavyo huvioni kwa macho, yai la moto likipoa ghafla ndani linasinyaa na linavuta maji kupitia vile vitundu, na kama maji ni machafu linavuta na vilivyomo. Yai lililoachwa lipoe lenyewe kwenye hewa halina shida hiyo, hata zile kanuni za Marekani nilizotaja yai la kuchemsha lililopozwa kwa hewa na ganda lake halijapasuka hazilidai friji.

Pili, anakumenyea. Ameshika noti ya elfu mbili ya mteja aliyepita, anairudisha mfukoni, anachukua yai, anagonga kwenye trei, anabandua ganda kwa kucha, anapasua katikati kwa kisu anachokifuta kwenye kitambaa kile kile tangu jioni, anachomeka kachumbari (ile ile ya kwenye ndoo) na chumvi na pilipili. Mikono yetu, hata ya mtu msafi, inabeba bakteria anaitwa Staphylococcus aureus, karibu theluthi moja ya watu wazima tunao puani na wala hatuumwi, ukijikuna pua umeshawahamisha, na mwenye kidonda au jipu kwenye kidole anao wengi zaidi. Wakipata chakula chenye protini na joto wanazaliana na kutoa sumu, na ile sumu hata ukichemsha tena chakula haiondoki. Yai likiliwa hapo hapo hiyo sumu haijapata muda wa kutengenezwa, hatari ni kwa yale anayoyamenya kabla ili yakae tayari kwenye trei. Kwahiyo nunua yai likiwa na ganda, nawa, menya mwenyewe, weka chumvi.

"Mdogo wangu, nipe na ganda lake, nitamenya mwenyewe."

"Anti si utajichafua?"

Mwacheni anishangae tu. Yai na ganda nyota nne, yai la kumenyewa na kachumbari ndani nyota moja, bei ni ile ile shilingi mia tano.

Mama wa supu ya pweza ndo bingwa wangu. Sufuria lake linachemka muda wote, sio linatoa mvuke, linachemka unaona mapovu, na pweza anakatwa vipande anarudi humo humo. Ila tuzo simpi kwa supu, nampa kwa vikombe. Vijiwe karibu vyote vyombo vinaoshwa kwenye beseni mbili, la sabuni na la kusuuza, maji yanaletwa kwa dumu na dumu linanunuliwa, kwahiyo mtu anayabana maji mpaka mwisho, la kusuuza linakuwa zito limejaa mafuta na mabaki, kila sahani inayotoka humo inakuja na kidogo cha kila mteja aliyekula kabla yako. Huyu mama ana jiko la tatu, dogo, lina sufuria la maji yanayochemka na humo hamna kitu zaidi ya vikombe na vijiko vilivyokwisha kuoshwa, anavitoa kwa koleo, anavipanga vimeinama kwenye ungo vikauke vyenyewe, hafuti na kitambaa. Nilipomuuliza mkaa wa ziada anautoa wapi akasema "mwanangu, mkaa naununua, mteja akiugua siwezi kumnunua". Nyota tano.

Na pilau lake la mchana naliongelea kidogo hapa maana wali watu wanauchukulia poa kupita kiasi. Kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus, anaishi kwenye udongo, anakuja na mchele, na ana kawaida ya kujifungia kwenye ganda gumu ambalo kuchemsha kwa kawaida hakuliui. Ukipika wali, wengine wengi wanakufa, yeye anabaki amejifungia. Wali ukiachwa ukapoa taratibu kwenye sufuria kubwa anaamka, anazaliana hana mpinzani, anatoa sumu ya kutapisha, na hiyo sumu inavumilia hata nyuzi 121 kwa saa nzima na zaidi, kwahiyo ile kauli ya "pasha moto tu hakina shida" kwa wali uliolala nje ni kauli inayolaza watu. Huyu mama anaweka pilau kwenye hotpoti ikiwa moto moto, anapakua humo, ikifika saa tisa kilichobaki wanakula wao na majirani, jioni hakuna pilau. Ukikuta sehemu pilau la mchana linauzwa saa mbili usiku limepashwa kwenye kikaango, achana nalo, hata kama linanukia vipi, sumu hiyo haina harufu wala haibadilishi ladha.

Matunda ya kukata ni nyota mbili kama unakatiwa mbele yako na nyota moja kama unapewa yaliyo kwenye kontena tangu mchana. Tikiti maji watu wanaona ni maji na sukari, salama, kumbe halina uchachu wa kuzuia chochote, na kisu kikipita kwenye ganda ambalo halijaoshwa kinachukua kila kitu kutoka nje na kukipaka ndani. Nanasi lina uchachu, afadhali. Embe na ndizi menya mwenyewe, hakuna tunda salama kama ulilolimenya mwenyewe.

Juisi ya miwa tamu, na tangawizi na ndimu ndani, shilingi elfu moja glasi kubwa. Miwa yenyewe inakwanguliwa vizuri, sawa, ila inalowekwa kwenye pipa, mashine inasuuzwa mwisho wa siku wakati mabaki yamechachuka kwenye meno yake, na barafu ni lile bonge linaloburuzwa kwenye kiroba na kuvunjwa kwa nyundo chini. Barafu haliui bakteria wote, linawagandisha tu, likiyeyuka kwenye glasi yako wengine wanaamka. Juisi bila barafu, asubuhi mashine ikiwa imetoka kuoshwa, nyota tatu. Jioni na barafu, moja.

Nitoke kidogo kwenye nyota maana kuna kitu kinanikera sana. Kila kipindupindu kikiingia mji huu, hatua ya kwanza watu wanayoifikiria ni kuwafukuza mama lishe na machinga. Agosti 2015 kilipoanza hapa Dar, Kinondoni, kikasambaa mikoa mingi nchini na Zanzibar, wauza chakula ndo waliokuwa midomoni mwa kila mtu. Lusaka, Zambia, Januari 2018 walitumia mpaka jeshi kuwaondoa wachuuzi barabarani. Naelewa dharura ni dharura, mlipuko ukiwa mkali lazima uzuie, watu wanakufa. Ila ukiangalia kinachochafua chakula pale stendi, karibu chote nilichokiandika hapo juu kinarudi kwenye maji. Beseni la nyanya ni maji. Beseni la vyombo ni maji. Ndoo ya mayai, barafu, mkono wa dogo, yote maji. Hawa watu wanalipa ushuru na hakuna koki hata moja ndani ya mita mia mbili, choo cha stendi unalipia na hakina sabuni. Kanuni tano za WHO za 2001 zinasema fanya usafi, tenganisha kibichi na kilichoiva, pika kiive, tunza kwenye joto sahihi, tumia maji salama, na ukimsomea kaka wa chipsi atakuelewa zote, hajui tu ile ya mwisho aitoe wapi. Usimamizi wa usalama wa chakula ulihamia TBS, shirika la viwango, mwaka 2019 na maafisa afya wa halmashauri wapo, wanapita, wanakagua vyeti na aproni. Aproni nyeupe haimuoshi mtu mikono. Wekeni koki mbili na beseni la kunawia pale, afu ndo mje na daftari la faini.

Wakati tunasubiri hiyo koki, vijiwe vichache vimeweka maji tiririka, ndoo yenye bomba na sabuni ya maji kwenye chupa, na nimegundua wateja wanakimbilia huko bila hata kuambiwa. WHO mwaka 2015 walikadiria watu milioni 600 duniani wanaugua kila mwaka kutokana na chakula, 420,000 wanakufa, na kati ya hao 125,000 ni watoto chini ya miaka mitano, na Afrika ndo tumebeba mzigo mkubwa kuliko wote kwa idadi ya watu wetu. Hao watoto wanakula hivi hivi vitu tunavyowanunulia tukirudi kazini.

Kingine, acheni kumlaumu muuzaji wa mwisho tu. Ukianza kutapika ndani ya saa moja mpaka sita baada ya kula, hapo mshuku mkubwa ni sumu iliyokwishatengenezwa kwenye chakula, kama ile ya wali au ya mikono. Kuhara na homa kunakokuja kesho yake au keshokutwa kunafanana zaidi na salmonela, inachukua masaa sita mpaka siku tatu. Taifodi ndo kabisa, mara nyingi wiki moja mpaka tatu, kwahiyo mshikaki wa jana unalaumiwa kwa kachumbari ya mwezi uliopita. Ukiona damu kwenye choo, au homa kali, au mtoto amelegea macho yameingia ndani na hakojoi, usikae nyumbani kuulizia dawa kwenye magrupu, mpe ORS, ile chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, huku mnaelekea kituo cha afya.

Bei sasa kwa wanaotaka kwenda: mshikaki mmoja mia tano, ndizi mia tano, chipsi kavu elfu mbili, zege elfu tatu na mia tano, supu ya pweza kikombe elfu moja na ukitaka na vipande elfu mbili. Mtu mmoja kwa elfu tano anashiba vizuri. Nendeni mapema, saa moja saa mbili hivi, mkaa umekolea na nyama ndo kwanza inapanda jikoni, mama wa supu bado ana pweza wa kutosha. Ukifika saa nne kaka wa mishikaki anafunga, na kilichobaki ni kile cha pembeni ya jiko.